Kilango cha Dohani: Hatari Iko Kwenye Kukifunga

Mwenye meko ya ukutani akisahau kufungua kilango cha dohani, yaani kifuniko kinachofungua na kuziba bomba la kutolea moshi, kabla ya kuwasha kuni, moshi humkumbusha papo hapo. Sebule inajaa, macho yanawasha, anakimbilia kukifungua. Sisi wa kinga ya moto tunaliogopa zaidi kosa lisilo na moshi: kukifunga mapema.

Usiku miali ikizimika, baridi huanza kushuka kupitia dohani. Mtu anafunga kilango, anakwenda kulala. Kumbe makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaungua kwa hewa haba, na kuungua kwa namna hiyo ndiko kunakotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Basi kilango kibaki wazi mpaka majivu yapoe kabisa, hata ikibidi nyumba ipoteze joto usiku kucha. Chini ya majivu makaa huweza kukaa na moto zaidi ya siku moja, kwa hiyo yachimbue kwa koleo la chuma kabla ya kuamua. King'ora cha kaboni monoksidi kiwekwe karibu na vyumba vya kulala.

Kwenye meko ya gesi yenye magogo ya bandia, kilango hakitakiwi kuziba kabisa wakati wowote. Fundi hukitia kibanio kinachoacha upenyo.

Vilango viko vya aina mbili. Kile cha zamani ni bamba la chuma lililo juu kidogo ya meko. Joto hulipinda, kutu huling'ata, na mwishowe halizibi sawasawa. Cha pili huwekwa kwenye mdomo wa dohani, juu ya paa, kikiwa na mpira wa kuzibia na waya wa chuma unaoteremka hadi mekoni. Kama bamba la zamani limechoka, mimi ningechagua hiki cha juu, kwani huzuia pia mvua na ndege.

Kabla ya kukiweka, dohani isafishwe masizi, mdomo wake upimwe ndani na nje, na kingo zilizomomonyoka zisawazishwe kwa saruji. Kilango hugandishwa kwa silikoni, waya ukashushwa na kufungwa kwenye kishikio ukutani mwa meko. Bamba la zamani liondolewe, au likazwe likiwa wazi, lisije likajifunga lenyewe huku mwenye nyumba akidhani njia iko wazi. Kazi ya juu ya paa mwachie fundi mwenye vifaa vya kujikinga asianguke.

Siku ya baridi kali, hewa nzito iliyo dohanini husukuma moshi urudi ndani hata kilango kikiwa wazi. Washa kwanza karatasi iliyosokotwa, uishike juu karibu na kilango ili dohani ipate joto, na ufungue dirisha kidogo. Moshi wa karatasi ukipanda, washa kuni.