Kumtafuta Mwanamke wa Shamba Katika Kumbukumbu za Ukoo

Daftari la ndoa lililoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 1837 lilikuwa na safu za tarehe, majina ya wanaooana, umri, hali ya ndoa, kazi na makazi, kisha jina la baba wa kila mmoja na kazi yake. Safu ya mama haikuwamo, na ilisubiriwa hadi Mei 2021. Ukifungua ukurasa wa ndoa ya watu wa mashambani, mara nyingi utakuta nafasi ya kazi ya bibi harusi imeachwa tupu, ingawa huenda amekuwa akikamua ng'ombe na kuvuna mashamba ya watu tangu utotoni. Chini, mahali pa sahihi, pana msalaba mdogo uliochorwa kwa wino, na karani ameandika kando kwamba hiyo ni alama yake. Kwa wanawake wengi wasiojua kusoma, msalaba huo ndio kitu pekee kilichobaki kilichotoka mkononi mwao. Ndiyo maana nawasihi wanaofanya utafiti waombe kuona daftari la asili, kwa kuwa katika nakala zilizopelekwa makao makuu hata msalaba huo uliandikwa upya na karani.

Mwanamke wa namna hii hapatikani kwa kufuatwa peke yake. Kumbukumbu nyingi ziliwekwa kwa ajili ya kodi, ardhi na urithi, mambo ambayo kwa karne nyingi yaliandikwa kwa majina ya wanaume, hivyo yeye huonekana pembeni tu: mama katika ubatizo wa mwanawe, shahidi katika ndoa ya dada yake, mjane katika shauri la mirathi. Anayetaka kumwona hana budi kuwafuata waliomzunguka, yaani mume, kaka, watoto, majirani na mashahidi, hata wale wanaoonekana hawana uhusiano naye.

Kazi hii huanzia kwa wazee walio hai, na isiahirishwe. Swali la jina lake halisi mara nyingi hukosa jibu, kwa kuwa wajukuu walimjua kama bibi tu. Maswali yanayozaa matunda ni yale ya maisha yake: alikuwa akienda kumtembelea nani, ni mtoto gani alirithi jina lake, nani alikuja kumzika na alitokea wapi. Mgeni aliyefika mazikoni kutoka kijiji cha mbali huenda akawa ndugu wa upande wake wa kuzaliwa, na kijiji hicho ndicho kitakachokuonyesha daftari la kufungua.

Sensa husaidia sana, lakini lazima zisomwe kwa kujua zilivyokusanywa. Katika sensa ya Uingereza ya mwaka 1841, makarani walielekezwa kushusha umri wa watu waliozidi miaka 15 hadi tarakimu inayogawanyika kwa 5. Mwanamke wa miaka 34 aliandikwa ana 30, na miaka 10 baadaye, sensa ilipodai umri kamili, akaonekana ana 44. Nimeona watafiti wakimgawa mtu mmoja kuwa wawili kwa sababu hiyo. Sensa ya mwaka 1911 ya nchi hiyo, pamoja na zile za Marekani za 1900 na 1910, ziliuliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mbele ya jina la mama panaweza kuonekana watoto 9 waliozaliwa na 6 walio hai. Tofauti ya watoto watatu ni huzuni ambayo pengine ukoo mzima umekwisha kuisahau, na inakutaka urudi kwenye daftari za ubatizo na maziko kuwatafuta kwa majina.

Jina la kuzaliwa ndilo fundo gumu kuliko yote, ingawa ugumu wake hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Uskochi, tangu usajili wa lazima ulipoanza mwaka 1855, hati ya kifo imekuwa ikitaja baba na mama wa marehemu, pamoja na ukoo wa kuzaliwa wa mama huyo. Uswidi, sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka makasisi waorodheshe watu wa kila kaya, na mwanamke wa kijijini kwa desturi aliendelea kuitwa binti wa baba yake hata baada ya kuolewa. Usiziache kando kumbukumbu za msaada kwa maskini. Mwanamke aliyefiwa na mume na kuomba msaada alihojiwa alizaliwa wapi, alitumikia wapi na aliolewa lini, na majibu hayo yanaweza kuwa maelezo marefu kuliko yote aliyopata kuyatoa mbele ya mwandishi.

Vipimo vya vinasaba vina nafasi yake. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini ni mabinti pekee wanaoviendeleza. Hivyo vinaweza kuthibitisha au kukanusha kwamba watu wawili wametoka katika mstari mmoja wa akina mama, bila kutaja mama huyo ni nani. Jina bado litatafutwa kwenye karatasi, na karatasi nyingine hazipo tena, kama zile zilizoteketea katika hifadhi ya nyaraka ya Dublin mwaka 1922. Kwa hiyo andika kila daftari ulilopekua, miaka uliyoipitia na tahajia ulizojaribu, hata pale ulipokosa, ili atakayeipokea kazi hii ajue pa kuanzia.