Kanuni ikae kwenye jedwali, si kichwani mwa karani

Kazi yangu ni kupanga data za mawakala wa forodha hapa Mombasa. Kila ofisi ina desturi zake za kuandika, na nyingi zimo vichwani mwa makarani. Karani mkongwe akienda likizo, desturi zinaondoka naye.

Ndiyo maana nasisitiza kanuni za uhakiki ziwekwe kwenye jedwali lenyewe la hifadhidata. Ukiziweka kwenye fomu pekee, atakuja mtu kupakia faili la Excel kwa mlango wa uani na zote zitarukwa.

Chukua namba ya kontena. Kiwango cha ISO 6346 kinataka herufi 3 za mwenye kontena, herufi ya 4 iwe U, J au Z, kisha tarakimu 6, na moja ya mwisho ya uhakiki. Wengi hupima umbo tu, wakaridhika. Lakini karani akigeuza 54 kuwa 45, umbo bado ni zuri, na lori linakwenda Kilindini kufuata kontena lisilokuwepo.

Twende na CSQU3054383. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ukiruka 11, 22 na 33; tarakimu hubaki zilivyo. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo hadi ya kumi kwa 512. Jumla ni 6185. Gawa kwa 11, inabaki 3, ndiyo tarakimu ya mwisho. (Ikibaki 10, huandikwa 0.) Sasa geuza ile 54: inabaki 1, na jedwali linakataa papo hapo.

Saa ndiyo ngumu. Dereva akisema aliingia getini saa mbili asubuhi, karani huandika 2:00, na mfumo husoma saa nane usiku. Kukataa siwezi, maana bandari hufanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo kila saa iliyo kati ya 00:00 na 05:59 naiwekea swali: "Ni saa mbili asubuhi, au saa nane usiku?" Jibu ndilo linalohifadhiwa, katika mfumo wa saa 24.

Maneno ya ujumbe nayo nayahesabu kuwa sehemu ya kanuni. "Ingizo si sahihi" halimsaidii mtu mwenye foleni ya madereva mbele yake. Mimi huandika: "Tarakimu ya mwisho haikubaliani na namba. Tafadhali isome tena kwenye mlango wa kontena."