Thamani moja si sawa na orodha yenye thamani moja

Imezoeleka kusema kwamba fomu ya wavuti ikifika kwenye Python inageuka dict (kamusi ya Python): jina huku, thamani kule, kazi imekwisha. Sivyo. Kinachotumwa na kivinjari ni mfululizo wa jozi za jina na thamani, na hakuna kinachozuia jina lilelile kujirudia. Mtu akitia tiki visanduku vitatu vyenye jina `lugha`, seva inapokea `lugha=sw&lugha=fr&lugha=ar`. Asipotia tiki hata kimoja, `lugha` haifiki kabisa.

Kinachokera ni kauli inayofuatia: "ikija moja ni stringi (maandishi), zikija nyingi ni orodha." Kauli hii ina chimbuko. Moduli ya zamani ya `cgi`, iliyokuwa ikisoma fomu katika Python, ndivyo ilivyofanya kazi: `form.getvalue("lugha")` ilirudisha stringi jina likija mara moja, na orodha likijirudia. Yaani aina ya data ndani ya programu yako iliamuliwa na mtu wa nje anayejaza fomu! Ukiandika `form.getvalue("jina").upper()`, yeyote atakayeongeza `&jina=x` kwenye anwani ataiangusha, kwa kuwa orodha haina `upper`. Kinyume chake ni kibaya zaidi, maana hakitoi kosa lolote. Ukiandika `for l in form.getvalue("lugha")` na mtu akachagua `sw` peke yake, Python itapita herufi kwa herufi, nawe utahifadhi `s` na `w` kama lugha mbili.

Kwa sababu hiyo Python 2.2 ilileta `getfirst`, inayotoa thamani ya kwanza tu, na `getlist`, inayotoa orodha siku zote. Moduli yenyewe iliondolewa katika Python 3.13, lakini kauli bado iko vinywani mwa watu.

Siku hizi `urllib.parse.parse_qs` inarudisha orodha kwa kila jina, hata thamani ikiwa moja (zile tupu inazitupa, usipoiambia `keep_blank_values=True`). Django na Flask, mifumo ya kujengea tovuti kwa Python, zote zina `getlist`. Tatizo liko kwenye mabano ya mraba: jina likijirudia, `request.POST["lugha"]` ya Django inakupa thamani ya mwisho, ilhali `request.form["lugha"]` ya Flask inakupa ya kwanza. Hakuna onyo. Ukihamisha msimbo kutoka huku kwenda kule, majibu yanabadilika na majaribio yenye thamani moja yote yanapita.

Basi ile `if isinstance(x, list)` ("je, x ni orodha?") inayopachikwa kila mahali haina haja. Swali la moja au nyingi hujibiwa wakati wa kubuni fomu, kabla ombi halijafika. Uga unaoruhusu machaguo mengi usomwe kwa `getlist` siku zote, hata mtu akichagua kimoja au asichague chochote. Hapo utapata orodha ya kimoja, au orodha tupu, na kitanzi chako hakitajua tofauti.