Berlin Baada ya Vita: Mji Uliotawaliwa kwa Hati za Mataifa Manne

Katika vipindi vyetu vya elimu kwa umma, huwa tunaanza somo la Berlin kwa kumpa msikilizaji mmoja kalamu na kumwomba achore mpaka uliozitenga Ujerumani mbili baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Karibu kila anayejaribu huupitisha mstari katikati ya Berlin. Kwa kweli mpaka huo ulikuwa mbali upande wa magharibi. Berlin yote ilikuwa zaidi ya kilomita 150 ndani ya eneo lililoshikwa na jeshi la Umoja wa Kisovieti, hivyo sehemu yake ya magharibi ilikuwa kisiwa katika nchi kavu, na kila lori au gari la moshi lililokwenda huko lilipaswa kukatiza kwanza ardhi ya upande wa pili.

Ramani hiyo ilitokana na hati iliyotiwa saini London tarehe 12 Septemba 1944, Hitler akiwa bado madarakani. Mji wenye wilaya 20 uligawanywa: Wasovieti walichukua wilaya 8 za mashariki, Wamarekani 6, Waingereza 4, na Wafaransa, waliokaribishwa baadaye, wakamegewa 2 kutoka fungu la Waingereza. Hati hizo zilieleza nani atatawala mtaa gani, ila hazikueleza majeshi ya magharibi yatafikaje huko. Tarehe 29 Juni 1945 Jenerali Lucius Clay wa Marekani na mwenzake wa Uingereza walikutana na Jemadari Zhukov wa Umoja wa Kisovieti, wakakubaliana juu ya barabara na reli kwa mdomo tu. Clay mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea. Njia za anga zilipata bahati nyingine, kwani tarehe 30 Novemba 1945 baraza la pamoja la mataifa manne liliidhinisha kwa maandishi njia 3, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32, kwa sababu ya kawaida kabisa ya kuzuia ndege zisigongane.

Tofauti hiyo ya neno na karatasi ilidhihirika Juni 1948. Mataifa ya magharibi yalipoanzisha sarafu mpya, Deutsche Mark, katika maeneo yao na kisha Berlin Magharibi, Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji kuanzia tarehe 24 Juni, na watu zaidi ya milioni 2 wakakatiwa chakula na makaa ya mawe. Anga haikufungwa. Ofisa wa Kisovieti aliendelea kukaa na wenzake watatu katika kituo cha pamoja cha usalama wa safari za ndege, akipokea taarifa za ndege zilezile zilizokuwa zikiuvunja mzingiro wa serikali yake. Sidhani kwamba karatasi peke yake ndiyo iliyowazuia Wasovieti, maana kufunga anga kungelazimu kutungua ndege, na kutungua ndege kungeleta vita. Lakini karatasi iliwanyima kisingizio.

Hadi operesheni hiyo ilipokoma Septemba 1949, miezi minne baada ya njia za ardhini kufunguliwa, ndege zilikuwa zimefanya safari zipatazo 277,000 na kubeba tani milioni 2.3 za mizigo, theluthi mbili yake ikiwa makaa ya mawe. Chumvi ilikuwa na shida yake. Wakazi wa pwani wanajua jinsi chumvi inavyokula chuma, na ilihofiwa kwamba ikimwagika ndani ya ndege ya kawaida itaozesha nyaya za kuongozea zilizopita chini ya sakafu. Waingereza wakaleta Sunderland, ndege za kutua majini zilizotengenezwa kustahimili maji ya bahari, nazo zikawa zinashusha magunia ya chumvi kwenye maji ya mto Havel hadi majira ya baridi yalipokaribia na barafu ikawa tishio.

Baada ya hapo mji uligawanyika kiutawala, lakini mtu wa mashariki aliweza bado kupanda treni ya mjini na kushuka magharibi. Kati ya 1949 na 1961 watu wapatao milioni 2.7 waliihama Ujerumani Mashariki, wengi kwa njia hiyo. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1961 serikali yao ilianza kutandaza seng'enge, kisha ikajenga ukuta. Katika mtaa wa Bernauer Strasse nyumba za upande wa kusini zilikuwa mashariki, ilhali njia ya waenda kwa miguu mbele ya milango yake ilikuwa magharibi, kwenye eneo la Wafaransa. Milango ikafungwa, madirisha ya chini yakazibwa kwa matofali, na watu wakaruka kutoka ghorofa za juu huku zimamoto wa magharibi wakisubiri chini na vitambaa vya kuwadakia. Baadhi hawakudakwa.

Mataifa ya magharibi yalilaani, ila hayakuubomoa ukuta huo, kwa kuwa ulisimama upande wa Wasovieti na haukuondoa haki ya mataifa hayo ya kuwamo mjini. Haki hiyo ilipoguswa, hata kwa jambo dogo, mambo yalibadilika. Tarehe 22 Oktoba 1961 mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa akienda kutazama mchezo wa kuigiza Berlin Mashariki alitakiwa na walinzi wa Kijerumani kuonesha pasipoti. Akakataa, kwa sababu kumwonesha Mjerumani Mashariki badala ya Msovieti kungekuwa kuitambua mamlaka ambayo hati za 1944 hazikuitaja. Siku tano baadaye vifaru vya Marekani na vya Kisovieti vilitazamana hapo Checkpoint Charlie, kituo cha kuvukia kati ya pande mbili za mji, kwa takriban saa 16 kabla ya pande zote mbili kurudi nyuma kidogo kidogo.

Suala la kutambua au kutotambua lilifika hadi kwetu. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo ilisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo wa kuziadhibu nchi zilizofanya hivyo. Tanzania iliyokwisha kuungana iliporuhusu konseli ya Ujerumani Mashariki Dar es Salaam mwaka 1965, serikali hiyo ya Ujerumani Magharibi, yenye makao Bonn, iliondoa msaada wake wa kijeshi, naye Mwalimu Nyerere akaiambia ichukue na msaada wake mwingine wa kiserikali.

Mataifa manne yalipokaa tena mwaka 1971 kutuliza mgogoro, hayakuafikiana hata jina la mahali yanapopazungumzia, na mkataba wao ukaandika tu "eneo linalohusika". Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, lakini haki za washindi wa vita zilihitaji mkataba mwingine, uliotiwa saini Moscow tarehe 12 Septemba 1990. Majeshi ya Urusi yaliagwa Berlin mwishoni mwa Agosti 1994, na ya Marekani, Uingereza na Ufaransa siku chache baadaye, katika hafla tofauti.