Panya aliyechelewa kufika: amesahau au amechoka?

Juma lililopita mzazi mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, aliniletea chupa ya dawa ya mitishamba yenye karatasi iliyodai kwamba dawa hiyo imejaribiwa kwa panya na kuthibitika kuongeza akili na nguvu. Alitaka kumpa binti yake anayejiandaa kwa mtihani. Nilimsihi asimpe. Kazi yangu ni famakolojia, yaani elimu ya dawa na athari zake mwilini, na najua jinsi majaribio ya aina hiyo yanavyosomwa vibaya.

Kumbukumbu ya panya haionekani. Kinachoonekana ni mwendo wake. Katika jaribio alilolibuni Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980, panya hutiwa katika beseni kubwa la maji lenye kijukwaa kilichofichwa chini kidogo ya uso wa maji, naye hujifunza mahali kilipo kwa kutazama alama zilizo ukutani. Ukimpa skopolamini, dawa inayozuia kazi ya asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva, katika ubongo, atazungukazunguka kama mgeni. Lakini dawa hiyo hiyo hupanua mboni za macho. Je, amesahau, au haoni vizuri? Ndiyo maana tunakiinua kijukwaa mpaka kionekane, tena tunapima kasi ya kuogelea, kwa kuwa panya aliyechoka huchelewa hata kama njia anaikumbuka.

Njia ninayoiamini zaidi ni ile iliyoendelezwa na James McGaugh wa Marekani: dawa hutolewa mara tu baada ya somo, si kabla yake. Panya amejifunza akiwa hana dawa mwilini, na kesho atapimwa ikiwa imekwisha, kwa hiyo akikumbuka vizuri zaidi, macho na miguu si sababu. Dawa hiyo ikicheleweshwa kwa saa kadhaa, haifai kitu, jambo linaloonyesha kwamba kumbukumbu huhitaji muda ili ishike.

Kuhusu stamina, mwaka 2008 kikundi cha Ronald Evans huko California kiliwapa panya wasiofanya mazoezi dawa iitwayo AICAR kwa wiki nne, nao wakakimbia umbali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 44. Hapo misuli yenyewe ilibadilika. Amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, ni tofauti kabisa: huficha uchovu huku joto la mwili likipanda, na mnyama huendelea kukimbia akiwa hatarini. Nasisitiza hili kwa sababu eneo letu la magharibi lina wanariadha wengi vijana, na AICAR imepigwa marufuku michezoni.

Karatasi ya yule mzazi haikutaja dozi, saa ya kutoa dawa, wala kundi la panya wa kulinganishia. Nilimshauri amwache binti alale mapema baada ya kusoma, kwa sababu usingizi husaidia yale aliyojifunza mchana yashike.