Venti haileti nimonia, tafadhali acheni kuziziba

Wiki hii nimeambiwa tena, mara ya tatu tangu Juni ianze: "Fundi, nizibie hizi venti na simiti, mtoto anapata nimonia." Safari hii ilikuwa Kiamunyi, hapa Nakuru, nyumba ya mawe, vyumba vitatu. Mama mwenye nyumba amejipanga vizuri sana, ameweka dari ya jipsamu, ametoa yale madirisha ya zamani ya chuma akaweka ya alumini ya kusukuma, na chini ya mlango amepiga mpira. Namwelewa kabisa. Nakuru tuko juu, karibu mita 1,850, na Julai usiku ukishuka nyuzi 10 hivi, kwa mabati bila dari unalala na sweta na bado unatetemeka. Kazi yangu mimi ndio hiyo, kufanya nyumba zishike joto, so sisemi watu wakae kwa baridi. Lakini hapo kwa venti, zile tundu za hewa za ukutani, nakataa.

Kwanza hayo madirisha. Dirisha la chuma la zamani lilikuwa na kile kipande cha juu chenye waya wa mbu, hakifungiki, na kila mtu alikilaani kwa sababu ya upepo. La alumini halina, na fundi wa alumini hakuulizi, anapima shimo, anakata, anapiga silikoni pande zote nne, anaenda. Siku hiyo nyumba imepoteza sehemu kubwa ya pumzi yake na hakuna mtu ameona, kwa sababu kile mnachosikia ni joto tu. Alafu zinabaki zile tundu mbili za ukutani, na hizo ndizo mnataka nizibe.

Nimonia inaletwa na viini, bakteria na virusi, na vingi vinatoka kwa pumzi na kikohozi cha mtu mwingine. Upepo wa venti haubebi nimonia. Chumba kikifungwa kabisa, kile ambacho mmoja anakohoa wenzake wanakivuta usiku kucha. TB nayo ni hivo hivo. Ukiongeza moshi ndio mbaya zaidi, Shirika la Afya Duniani wanasema moshi wa ndani ya nyumba karibu unazidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia, na hewa chafu ya majikoni waliihesabia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 pekee. Sasa mnaziba kile kitu kinachotoa moshi nje, ati mnamkinga mtoto.

Niliacha kimita cha hewa ukaa (kaboni dioksidi, ile tunayotoa tukipumua) kwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, wanalala mama, nyanya na watoto wawili, mlango umefungwa. Asubuhi kilikuwa kimepita 3,000 ppm (sehemu kwa milioni ya hewa), na nje ni kama 420. Niseme wazi, hewa ukaa kwa kiwango hicho siyo sumu ya kuua. Inachoonyesha ni kwamba sehemu ya mnachovuta imeshapita kwa mapafu ya mtu mwingine. Na pumzi ina maji pia, watu wanne usiku mmoja ni karibu lita moja, yanaenda kukaa pale ukuta uko baridi zaidi. Nilivuta kabati kidogo kutoka kwa ukuta wa nje, nyuma kulikuwa na madoa meusi ya ukungu sawa na kiganja changu, yamefuata mstari wa chini ya kabati, nikagusa na kidole ikabaki alama nyeusi. Mama alidhani fundi wa rangi alimchezea, amepaka mara mbili. Nyanya ana pumu, na analala hatua mbili kutoka hapo.

Sasa jiko la makaa. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa. Kila mtu ananiambia "fundi, sisi huwa tunawasha nje, yakishakolea vizuri ndio tunaingiza, hayana moshi." Moshi siyo kaboni monoksidi! Moshi unauona na unakuuma macho, hii nyingine haina rangi wala harufu. Makaa yakiungua chini ya jiko yanatoa hewa ukaa, ile inapanda ikipita kwa makaa mekundu ya juu, inanyang'anywa oksijeni inageuka monoksidi. Mnajua vile vimoto vya bluu juu ya jiko? Hiyo ndiyo monoksidi yenyewe ikiungua. Vikizima na makaa bado ni mekundu, inatoka bila kuungua, inaingia kwa chumba, na huo ndio wakati mnasema jiko sasa liko safi na mnaliingiza. Kwa damu inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kutapika, miguu haina nguvu, unadhani ni malaria unalala. Na ile sufuria ya maji mnaweka kando ati inameza sumu haisaidii kitu, hiyo gesi haiyeyuki kwa maji hivo.

Alafu kuna mabishano ya gesi inakaa chini ama juu. Zote mbili ni kweli, kwa gesi tofauti. Monoksidi ina uzito karibu sawa na hewa, ikitoka na joto la jiko inapanda na kusambaa chumba kizima, kwa hivyo kulala juu ya kitanda hakukuokoi. Gesi ya mtungi ikivuja ni nzito, inatambaa sakafuni kama maji. Ndiyo maana jikoni nataka tundu mbili, ya juu na ya chini, na hewa haiwezi kutoka juu kama hakuna mahali inaingilia.

Kuna kitu kinanisumbua na sitakificha. Malawi walijaribu majiko yenye moshi kidogo kwa maelfu ya watoto, matokeo yakatoka 2016, nimonia haikupungua. Hata jaribio kubwa la kupikia kwa gesi lililofanywa nchi kadhaa, Rwanda ikiwa mojawapo, nimonia kali kwa watoto haikushuka vile tulitarajia. Pengine kwa sababu taka zinachomwa nje, jirani anapikia kuni, moshi wa barabara unaingia, sijui. Kwa hivyo siwezi kumwahidi mama kwamba venti itamaliza kikohozi. Na joto lina faida yake, New Zealand waliweka insulesheni, yaani vitu vya kushika joto, kwa nyumba za familia 1,350, matokeo ya 2007 yakaonyesha vifua vya watu vikipiga filimbi mara chache na watoto wakikosa shule mara chache. Kwa hivyo dari ya yule mama nimeiacha, mpira wa mlango wa nje nimeuacha. Mlango wa chumba nimekata chini kidogo, ukutani nimetoboa venti juu karibu na dari na kuweka kigae cha kuelekeza upepo juu, waya wa mbu nimebadilisha, na jiko limetoka nje kabisa.

Niliweka kimita tena, asubuhi kikasoma kama 1,100. Nyanya bado analalamika anasikia upepo kwa sikio, kwa hivyo jana nilirudi tukahamisha kitanda chake upande wa pili, mbali na ule ukuta.