Mjomba anatoka Houston, harusi iko Columbus: nani atatia sahihi?

Simu hizi huanza vilevile. "Dada, ukumbi tumelipia, keki tumelipia, na mjomba ndiye atakayefungisha." Mimi nauliza kitu kimoja tu: mjomba ana karatasi ya Ohio? Kimya kidogo, halafu: "Lakini mjomba ni mchungaji, tena wa miaka mingi!"

Najua ni mchungaji. Tatizo haliko kwenye uchungaji wake.

Nafanya kazi katika ofisi ya mawakili hapa Columbus, jimbo la Ohio, upande wa ndoa na uhamiaji. Wengi wetu tumekulia kwenye nchi zenye sheria moja ya ndoa. Tanzania Bara ina ile ya mwaka 1971, Kenya ina ya 2014, na ukitoka mkoa huu kwenda ule, au kaunti hii kwenda ile, sheria ni ileile. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na inayoangaliwa ni ya jimbo ambako ndoa inafungwa. Mjomba anakoishi si hoja, wala bibi harusi anakotoka.

Sasa mtazame huyu mjomba wa Houston. Texas haimtaki mchungaji ajiandikishe popote. Akishawekewa mikono na kanisa lake, anafungisha. Kwa hiyo amefungisha ndoa za watu kwa miaka na hakuna karani aliyewahi kumdai karatasi. Anapanda ndege akiamini mambo ni hayohayo. Ohio sivyo. Hapa kiongozi wa dini lazima awe na leseni ya kufungisha ndoa kutoka ofisi ya Katibu wa Jimbo, na aipate kabla ya siku ya harusi. Ada ni dola 10. Anatuma fomu pamoja na uthibitisho wa kuwekwa wakfu, na si lazima awe mkazi wa Ohio. Kazi yenyewe ni nyepesi, ila haifanyiki Alhamisi wakati harusi ni Jumamosi.

Familia moja ilinipigia Alhamisi hiyohiyo. Tukakubaliana hivi: mchungaji wa hapa mwenye leseni awaulize maharusi kama wanakubaliana, awatangaze kuwa mume na mke, na atie sahihi. Mjomba ahubiri, aombe, abariki pete. Mama mtu alinuna kwanza. Nilimweleza kwamba mchungaji wa hapa hawezi kutia sahihi tu huku mjomba ndiye amefungisha. Huo ungekuwa uongo kwenye hati ya serikali.

Kwa Waislamu kuna jambo ninalolirudia kila mara. Ami akiwa walii, anayemwozesha binti, haombwi leseni kwa nafasi hiyo. Mwenye leseni awe yule sheikh anayesimamia nikaha na kutia sahihi. Na nikaha ya sebuleni bila leseni ya ndoa, hata kama mashahidi walijaa, isikupe matumaini mbele ya afisa wa uhamiaji. Uhamiaji huuliza kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa.

Majimbo mengine yana njia zake. Minnesota, kiongozi wa dini huwasilisha hati zake kwa msajili wa kaunti moja, na hiyo inamtosha jimbo zima. Ila wanataka mashahidi wawili wenye miaka 16 au zaidi, wakati Ohio haidai shahidi. Massachusetts, mtu asiye kiongozi wa dini anaweza kuomba idhini ya siku moja kwa gavana. New York nao walianzisha leseni ya siku moja Machi 2023, kwa dola 25. Colorado maharusi wanaweza kujifungisha wenyewe, na hapo mjomba yeyote anafaa, hata asiyejua kuomba. Wale waliopata uchungaji kwa kubofya mtandaoni waangalie Tennessee: mwaka 2019 walipitisha sheria ya kuwazuia.

Turudi Ohio. Leseni ya ndoa yenyewe ni hati nyingine kabisa, ya maharusi. Wanaiomba wenyewe, wote wawili, kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti anakoishi mmoja wao. Kama wote wanaishi nje ya jimbo, wanaiomba kaunti ambako harusi itafanyika. Hudumu siku 60. Usiichukue mapema mno kwa sababu tu mchango umekamilika.

Baada ya kiapo, mfungishaji ana siku 30 kuirudisha mahakamani ikiwa imejazwa. Hapa ndipo mjomba mgeni hunipa presha: anaiweka kwenye Biblia, anarudi zake Houston, Biblia inapangwa kabatini. Mpe bahasha yenye anwani na stempu kabla hajaingia ukumbini, au mteue dada mmoja asiyecheza sana aondoke na karatasi hiyo.

Na kile cheti kikubwa cha kanisa, chenye maua na maandishi ya dhahabu? Kitundikeni sebuleni. Siku ya usaili wa uhamiaji njooni na nakala iliyothibitishwa na mahakama, ile isiyo na urembo wowote. Ombeni nakala tatu kwa mpigo.